Kilima Kimoja, Viwanja Ishirini

Hapa Pemba, mtu anayetaka kujenga nyumba katika miji ya Mkoani, Chake Chake au Wete hupeleka mchoro baraza la mji. Mchoro unaonesha vyumba, madirisha, choo, na umbali wa ukuta kutoka kwa jirani na kutoka barabarani. Yote hayo yana maana. Lakini karatasi ile inaishia kwenye mpaka wa kiwanja, na kwa nyumba inayokaa ubavuni mwa kilima mambo mazito kuliko yote yako nje ya mpaka huo. Juu yake kuna nini? Chini yake anaishi nani? Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, maji yanapita wapi?

Hapo ndipo ninapoona kosa letu Pemba. Tunakagua viwanja kimoja kimoja, na ardhi haiporomoki kwa viwanja. Kilima ni kimoja hata kikigawiwa watu ishirini. Aliye juu akimwaga maji, anayeyapokea ni wa chini. Wa chini akichimba ili apate uwanja, anayetikisika ni wa juu. Kila mmoja anaweza kuwa na kibali halali mkononi, na kilima chote kikawa hakifai.

Tuanze na udongo wenyewe. Pemba si Unguja ya mashariki, ambako ukichimba kidogo tu jembe linagonga mawe. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde yaliyofuatana, na vilima hivyo si virefu. Hata kile kirefu kuliko vyote hakifiki mita 100 juu ya bahari. Lakini kingo zake ni za kusimama, na ndani yake zimo tabaka za mchanga na za udongo mzito zilizolaliana. Kila mkulima wa Pemba anazijua kwa majina: kichanga, kinongo, kinamo. Kichanga hunywa maji upesi. Kinamo hakinywi, huyazuia. Mahali ambapo kichanga kimekaa juu ya kinamo, mvua huzama hadi ikakutana na kinamo, hapo husimama, kisha huanza kutafuta njia ya pembeni kuelekea bondeni. Ikiwa maji ni mengi kuliko njia, hujaa katikati ya tabaka mbili, na ardhi ya juu inakuwa kama mkeka uliotandikwa kwenye sakafu yenye maji. Uzito wake ni ule ule, kilichoondoka ni mshiko.

Na mvua tunayo. Pemba hupata wastani wa milimita 1,900 hivi kwa mwaka, zaidi ya Unguja, na sehemu kubwa yake huteremka katika masika, Machi hadi Mei. Kwa hiyo swali la mteremko si la kiangazi. Kiwanja kinachooneshwa kwa mnunuzi mwezi wa Januari, kikavu, kina upepo wa bahari na kinatazama mikoko, ni kitu kingine kabisa mwezi wa Mei.

Kwa nini watu wanapanda huko? Sababu ni nyingi na hakuna hata moja ya kipumbavu. Sensa ya 2012 ilihesabu Pemba watu 406,848, ile ya 2022 ikahesabu 543,441. Ongezeko la theluthi moja katika miaka kumi, kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Mabonde ni ya mpunga, na serikali kwa miaka mingi imekuwa ikiwakataza watu wasijenge mabondeni. Katazo hilo naliunga mkono: bonde likishawekwa msingi halirudi kuwa shamba, na nyumba ya bondeni nayo hufurika. Juu ya vilima, kwenye tambarare, zimo nyumba za zamani, barabara, skuli na misikiti. Zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zimesharithiwa na watoto na wajukuu, na mjukuu wa tatu hapati eka, anapata kipande. Kipande kilichobaki ndicho kile ambacho babu hakukijenga. Babu hakukijenga kwa sababu ni mteremko.

Kwa hiyo mtu akisema "wakatazwe tu" hajasema kitu. Ukimkataza bondeni na ukamkataza mlimani bila kumwonesha pengine, atajenga usiku. Tena atajenga pabaya zaidi, kwa haraka, bila fundi mzuri, kwa sababu anaogopa kuvunjiwa.

Tazama sasa namna nyumba ya mlimani inavyojengwa. Fundi anahitaji mahali palipo sawa. Anachimba upande wa juu, anautupa udongo upande wa chini, anausawazisha kwa miguu na jembe, siku hizi mara nyingine kwa tingatinga. Amepata uwanja. Lakini nusu ya uwanja huo ni ardhi ya asili iliyochimbwa, na nusu ya pili ni kifusi kilichomwagwa juu ya majani na mizizi bila kushindiliwa. Nyumba inakaa miguu miwili kwenye ardhi ngumu na miwili kwenye ardhi laini. Mvua mbili tatu zikipita, kifusi kinashuka, na ufa unapita katikati ya nyumba palepale ardhi mbili zilipokutana. Nyuma ya nyumba umebaki ukingo uliokatwa wima, pengine kwa kimo cha mtu na nusu, na chumba cha kulala watoto mara nyingi ndicho kilicho upande huo kwa sababu sebule na baraza zinatazama mbele.

Ukingo huo ndio unaonitia hofu kuliko kitu chochote. Watu wakisikia maporomoko ya ardhi hufikiria mlima mzima. Fanya hesabu ndogo. Kipande cha ukingo chenye upana wa mita 4, kimo cha mita 3 na unene wa mita 1 ni mita za ujazo 12. Udongo uliolowa huwa na uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni zaidi ya tani 20 zinazoweza kuanguka kwa mara moja juu ya ukuta wa tofali za inchi sita, usiku, watu wamelala. Hakuna haja ya mlima.

Nalisema hili kwa sababu tumezoea kujilinganisha na misiba mikubwa kisha tukajipumbaza. Tarehe 3 Disemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Tarehe 14 Agosti 2017, huko Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ubavu wa kilima kilichojaa nyumba uliteremka asubuhi baada ya mvua za siku nyingi, na waliokufa na kupotea walizidi elfu moja. Mtu wa Pemba akisikia haya husema sisi hatuna milima ya namna hiyo, na anasema kweli. Lakini yetu ni khatari ya aina nyingine: ndogo ndogo, iliyotawanyika, nyumba moja huku na ukuta mmoja kule. Haitaleta wageni wa kimataifa wala kuundiwa tume. Itawamaliza watu wachache kila baada ya masika kadhaa, na tutasema ni kudra. Kudra tunaiamini. Ukingo uliokatwa wima nyuma ya chumba cha watoto, huo umekatwa na mkono wa mtu.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba wazee walikaa milimani miaka na miaka wala hakuna kilichoanguka. Ni kweli, na inafaa kuulizwa walikaa vipi. Nyumba ya zamani ilikuwa ya fito na udongo, imeezekwa makuti, nyepesi, na ilijengwa juu penye tambarare bila ya kukata kitu. Maji yalikuwa bondeni, kisimani. Yalipandishwa kichwani, ndoo kwa ndoo, na mtu hamwagi ovyo maji aliyoyabeba mwenyewe.

Leo maji yanapanda kwa bomba. Ni neema, na hakuna mwenye akili anayetaka kurudi kwenye ndoo. Lakini tumeyapandisha maji kilimani bila kuweka njia ya kuyateremsha. Nyumba ya watu wanane wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku inaingiza lita 400 ardhini kila siku, kupitia shimo la choo na maji ya kuogea, sawa na lita 146,000 kwa mwaka. Hii ni mvua ya pili, isiyojua kiangazi. Ongeza paa. Bati lenye eneo la mita za mraba 100, kwa mvua yetu ya milimita 1,900, hukusanya lita 190,000 kwa mwaka. Siku moja ya mvua kubwa ya milimita 100 ni lita 10,000, matangi kumi ya lita elfu, na maji hayo yote hudondoka kwenye mstari mmoja nyuma ya nyumba, juu ya ule ukingo au chini yake. Paa la makuti nalo lilimwaga maji, lakini lilikuwa dogo, na halikuwa na majirani ishirini.

Ndiyo maana nasema mteremko wenyewe si jambo la kwanza la kupimwa. La kwanza ni maji. Kuna miteremko mikali iliyokauka ambayo itasimama miaka mia, na kuna miteremko ya kutembea bila kuhema ambayo imelowa ndani na inasogea kidogo kidogo kila mwaka. Dalili zake zinaonekana kwa anayetaka kuona: minazi iliyoinama kwa chini kisha ikajinyoosha juu, chemchemi iliyotokea mahali ambapo hapakuwa na maji, ufa wa ardhini uliopinda kama mwezi mchanga, mlango uliokuwa ukifungika na sasa unagoma, tumbo la udongo lililofura chini ya mteremko. Methali yetu inatuambia tuzibe ufa. Kwa nyumba ya mlimani ufa uzibwe mwisho. Kwanza uandikwe tarehe na upimwe upana, masika ikija upimwe tena, kwa maana mwenye kuupaka saruji haraka anaufunika ushahidi, na pengine anafanya hivyo ili aiuze nyumba.

Kuna na mikarafuu. Kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuja kuwa kisiwa cha karafuu, na vilima vyetu vikavaa miti ya miaka mingi yenye mizizi mingi. Mikarafuu ile ilifanya kazi mbili, na tuliihesabu moja tu, ya mazao. Ya pili ilikuwa kuishika ardhi na kunyonya maji yake. Mti ukikatwa leo ardhi haianguki kesho. Mizizi huchukua miaka kadhaa kuoza, na kilima huzidi kudhoofika kwa kadiri inavyooza. Mtu anayekata mikarafuu mitano ili apate kiwanja atajenga, atahamia, atapata watoto, ndipo mteremko utaanza kusema. Kufika hapo hakuna anayekumbuka miti. Migomba na muhogo iliyopandwa mahali pake haina mizizi ya kushika kitu, na kila msimu wa kung'oa muhogo ardhi inachimbuliwa upya.

Upande wa chini kuna bahari. Miji yetu yote mitatu imeshuka kuelekea kwenye hori na ghuba za magharibi, na pale mikoko ilipokatwa, maji kujaa hula mguu wa kilima taratibu. Aliyejenga juu haoni. Anaona mandhari.

Wenzetu waliofikwa na mambo haya walifanya nini? Hong Kong ilizika watu 138 katika siku moja, tarehe 18 Juni 1972, baada ya kilima kilichojazwa kifusi kuporomoka upande mmoja wa mji na mteremko mwengine kuangusha ghorofa upande wa pili. Mwaka 1976 mahali pa kwanza pakaporomoka tena, watu 18 wakafa. Mwaka uliofuata ikaundwa ofisi maalumu ya serikali yenye kazi moja: kuangalia kingo zilizokatwa na vifusi vilivyojazwa, kuzipa namba moja moja, na kumzuia mtu asikate nyingine bila kukaguliwa. Hatuna fedha za Hong Kong. Lakini daftari la kingo, shehia kwa shehia, yaani kila eneo dogo lililo chini ya sheha wake, halihitaji fedha za Hong Kong.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa tabia ni mji wa Ventnor, kwenye kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza. Mji mzima umejengwa juu ya maporomoko ya kale yanayoendelea kusogea polepole kuelekea baharini. Hawakuuhamisha. Walichora ramani ya ardhi yao mtaa kwa mtaa, wakaonesha wapi panajengeka, wapi pasijengwe mpaka uchunguzi ufanywe, na wapi pasijengwe kabisa. Kisha wakaelekeza nguvu kwenye maji: mabomba yanayovuja yatengenezwe, na maji ya paa yasizamishwe ardhini kwa mashimo. Bado ardhi inawapiga. Disemba 2023 kipande kikubwa kiliteleza Bonchurch, jirani na mji huo, na barabara ikafungwa. Ramani haikizuii kilima. Inachofanya ni kumwambia mtu ukweli kabla hajatoa pesa yake.

Na sisi ramani tunayo karibu nusu. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa kupiga picha visiwa vyote viwili kwa droni. Picha zile ni za karibu kiasi cha kuona bati na mti mmoja mmoja, na picha za namna hiyo zikiunganishwa hutoa pia miinuko ya ardhi. Vijana waliofundishwa kurusha droni na kuchakata picha ni wa hapa hapa. Kutoka kwenye kazi kama hiyo inawezekana kutoa ramani ya miteremko na ya mikondo ya maji ya Mkoani, ya Chake Chake na ya Wete, kisha kuipeleka ardhini: wataalamu wakafuatana na wazee wa mtaa, wakachimba hapa na pale kuona kinamo kiko kina gani, wakauliza wapi ardhi imewahi kumeguka. Wazee wanakumbuka.

Sheria zipo. Ipo ya mazingira ya 2015, ipo ya maafa ya mwaka huo huo, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema ardhi ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, kwa hiyo serikali haiwezi kusema kilima si chake. Kinachokosekana ni kiungo. Tathmini ya athari za mazingira imeundwa kwa ajili ya miradi, na nyumba ya mtu wa kawaida si mradi. Hoteli moja itatathminiwa. Nyumba ishirini zilizojengwa moja moja kwa miaka kumi kwenye ubavu ule ule hazitathminiwi hata siku moja, ingawa zimekata udongo mwingi kuliko hoteli na zina mashimo ya choo ishirini. Simtaki mwananchi abebeshwe gharama ya mtaalamu kwa nyumba ya vyumba vitatu. Hatoweza, na kibali kitageuka kuwa mlango wa rushwa. Kazi ya kukitathmini kilima ni ya baraza la mji na mipango miji, mara moja kwa kilima chote, na mwenye kiwanja apewe majibu: usikate zaidi ya kimo cha mtu bila mhandisi, nyumba ikae mbali na ukingo kwa umbali usiopungua kimo cha ukingo, ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kupitishia maji na nyuma yake pajazwe kokoto, kwa sababu ukuta usio na matundu hugeuka bwawa, shimo la choo lisichimbwe juu ya ukingo wa jirani.

Hili la jirani linahitaji uzito wake. Watu wetu wanaijua hadithi ya Mtume inayokataza kudhuru na kulipana madhara, na kwenye baraza zetu hutajwa katika ugomvi wa mipaka na minazi. Sijaisikia ikitajwa kwenye maji ya bati. Mwenye kuyaelekeza maji ya paa lake juu ya nyumba ya mwenzake anamdhuru, hata kama mfereji wake umepita ndani ya mpaka wake mwenyewe kwa usahihi kabisa.

Sheha naye yumo. Viwanja vingi huuzwa kwa karatasi iliyoandikwa mbele yake na mashahidi, muda mrefu kabla ya mchoro kufika barazani. Mpaka kibali kinaombwa, pesa imeshakwenda na mara nyingi msingi umeshachimbwa. Onyo likitolewa hapo limechelewa, na ofisa anayelitoa anaonekana adui. Ramani ya kilima inapaswa kubandikwa ofisini kwa sheha, kwa Kiswahili na kwa rangi, ili muuzaji asiweze kuficha na mnunuzi asiweze kusema hakuambiwa. Tena mnunuzi asikubali kukiona kiwanja cha mteremko kiangazi peke yake. Asubiri masika, aende mvua inanyesha, asimame pale atakapoweka kitanda.

Zinabaki nyumba zilizokwisha kujengwa, na hizo ndizo nyingi. Hazitahamishwa, na wenyewe hawana pa kwenda. Kwao tiba ni mifereji: ya kupokea maji kutoka mabatini, ya kuyazuia juu ya ukingo kabla hayajazama, na mmoja mkubwa wa zege wa kuyachukua yote kutoka juu ya kilima mpaka pwani. Miwili ya mwanzo kila familia inaweza kuihangaikia, kidogo kidogo, kwa fundi wa mtaani. Ule mkubwa hauwezi kuchimbwa na familia moja, kwa sababu lazima upite kwenye viwanja vya watu wengi na kila mmoja atataka upite kwa mwenzake. Huo ni wa baraza la mji, kwa fedha za bajeti na kwa amri ya njia, na wakati wa kuuchimba ni huu wa kiangazi, udongo ungali mkavu.